Gramu sita na nusu za samaki

Miaka ya 1960, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, watalii wa Kimarekani walikuwa wakija kila kiangazi kuvua samaki katika mito ya Wabigoon na English. Waliowaongoza walikuwa wenyeji wa huko, Waanishinaabe wa Grassy Narrows. Asubuhi wanaingia botini. Mchana wanatia nanga, mwongozaji anawasha moto ufukweni, anapara samaki na kuwakaanga, kisha wote wanakula kutoka kikaango kimoja. Mgeni akimaliza wiki yake anarudi kwao na picha na hadithi. Mwongozaji kesho yake anampokea mgeni mwingine, na kesho kutwa mwingine, mpaka msimu uishe. Jioni akirudi nyumbani, kitoweo ni samaki.

Ilipokuja kujulikana kwamba mto ule una sumu, walioonekana kuathirika zaidi ni hao waongozaji na familia zao. Samaki walikuwa wale wale, mapishi yale yale. Kilichotofautiana ni idadi ya sahani.

Nimeanza na kikaango hicho kwa sababu habari za samaki wenye sumu huandikwa kana kwamba walaji wote ni sawa. Tunaambiwa samaki wa mto fulani ni salama, au si salama, basi. Swali ambalo halisemwi ni hili: salama kwa anayekula kiasi gani? Katika nchi nyingi jibu la swali hilo limewekwa na watu wanaokula samaki mara moja moja, na gharama yake wanailipa watu wachache wasiosikika, ambao samaki ndiyo chakula chao, kazi yao na urithi wao.

Kwanza sumu yenyewe. Juu ya mto, kiasi cha kilomita 100 kutoka Grassy Narrows, katika mji wa Dryden, palikuwa na kiwanda cha karatasi. Karatasi ilipaushwa kwa klorini, na klorini ilitengenezwa hapo hapo kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, ndani ya mitambo iliyotumia zebaki. Sehemu ya zebaki hiyo ilitoka na majitaka. Kati ya 1962 na 1970 kiasi cha tani 10 ziliingia mtoni.

Zebaki tunayoifahamu, ile ya kung'aa inayokimbia sakafuni kipimajoto kikivunjika, mvuke wake ni hatari, lakini ikimezwa tumbo haliipokei kwa wingi. Balaa huanza inapozama kwenye tope. Humo mna bakteria wanaoishi pasipo hewa, na hao huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hii viumbe huinywa kirahisi na kuitoa kwa shida. Vijidudu vya majini huichukua, samaki wadogo huvila vijidudu hivyo kwa maelfu, samaki wakubwa huwala wale wadogo kwa mamia, na kila anayekula hurithi akiba ya aliyeliwa. Ndani ya samaki mkubwa anayekula wenzake, kiwango kinaweza kuzidi kile cha maji anamoogelea mara milioni moja au zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota maji ya mto, akayapima, akasema ni masafi, na bado samaki wake wakawa hawaliki.

Tena sumu hii haijifichi kwenye utumbo au magamba ili uitupe. Hushikamana na protini, yaani imo ndani ya mnofu wenyewe. Haina harufu wala rangi. Uoshe samaki kwa ndimu, umkaange, umbanike au umkaushe kwa moshi, zebaki inabaki palepale. Mpishi hodari na mpishi mzembe hapa wako sawa.

Ndani ya mwili wa binadamu, karibu yote hupita tumboni na kuingia kwenye damu, kisha hufika kwenye ubongo. Mwili hujitahidi kuitoa, lakini polepole: huchukua kiasi cha miezi miwili kupunguza nusu. Sasa rudi kwenye kikaango. Mtalii wa wiki moja ana mwaka mzima wa kuitoa. Mwongozaji kabla hajatoa ya jana ameshaongeza ya leo. Dalili huja taratibu: ganzi kwenye midomo na vidole, mikono inayotetemeka, mwendo wa kuyumba, masikio kuziba, maneno kumgomea mtu mdomoni, na macho yanayoona mbele tu kama ya anayechungulia kwenye mwanzi.

Dunia ilikuwa imeshayaona haya huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956 baada ya kampuni ya kemikali ya Chisso kumwaga zebaki ghubani kwa miaka mingi. Walioumia kwanza walikuwa familia za wavuvi, na paka wao waliokula mabaki ya samaki. Wakati ule madaktari waliamini kondo la nyuma humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya sumu. Daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, Masazumi Harada, hakuridhika. Alikuwa akiona watoto waliozaliwa na ulemavu mzito kutoka kwa mama walioonekana wazima. Ushahidi ulipatikana mahali ambapo mtu wa kwetu asingeshangaa sana. Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza nyumbani, kama sisi tunavyojua kitovu cha kila mtu kimezikwa wapi. Vitovu hivyo vilipopimwa, vilikuwa na zebaki ya methili. Sumu ilikuwa imempita mama na kumfikia mtoto.

Harada huyo alifika Grassy Narrows mwaka 1975. Akawapima watu, akaona dalili alizozijua. Alirudi tena baada ya miongo, akaendelea kuwafuatilia mpaka karibu na kifo chake mwaka 2012.

Je, serikali ilifanya nini? Mwaka 1970 ilifunga uvuvi wa biashara. Nyumba za watalii zikafungwa au zikahama. Kwa siku chache watu wale wakapoteza mshahara na kitoweo kwa pamoja, na hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya kuhamishwa, mwaka 1963, kutoka makazi yao ya zamani. Fidia ilipatikana katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1986 ikaundwa bodi ya kuwalipa walioathirika. Wengi walioomba walikataliwa, na hapa ndipo pana ugumu ambao wasomaji hawaelezwi vya kutosha. Zebaki haiachi saini. Mkono unaotetemeka unaweza kuwa wa mzee, wa mgonjwa wa kisukari, au wa mlevi. Daktari mwenye dharau moyoni akimwona Mwanishinaabe anayumba, jibu la haraka analo. Na nywele au damu humwambia mpimaji habari za miezi ya karibuni, hazimwambii mtu alikula nini miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo anayedai analazimika kuthibitisha jambo ambalo ushahidi wake umeshatoka mwilini, ingawa madhara yamebaki kwenye ubongo.

Bahati ni kwamba vipimo vya nywele na damu vilivyochukuliwa na serikali tangu miaka ya 1970 vilikuwa vimehifadhiwa. Watafiti walipovichambua, wakachapisha mwaka 2020 kwamba waliokuwa na zebaki nyingi zaidi walikufa mapema zaidi. Mwaka 2023 wakafuatilia vizazi vitatu, wakaona uhusiano kati ya zebaki iliyokiingia kizazi cha babu na bibi na mateso ya akili ya binti zao, na kati ya hayo na vijana wa kizazi cha tatu kujaribu kujiua. Uhusiano wa namna hii hupita kwenye mambo mengi, umaskini na kuhamishwa vikiwemo, wala watafiti hawakudai kwamba zebaki pekee ndiyo chanzo. Lakini ukisoma habari hiyo ukiwa mzazi, unaiweka chini kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana humo ndimo dhuluma ilimojificha vizuri zaidi.

Serikali haiwezi kumpima kila samaki, hivyo huweka kikomo cha sumu kinachoruhusiwa majini. Kikomo hicho hutoka kwenye kanuni yenye mambo machache: mwili unavumilia sumu kiasi gani, mtu ana uzito gani, na anakula samaki kiasi gani kwa siku. Namba hii ya mwisho ikiwa ndogo, kiwanda kinaruhusiwa kumwaga zaidi. Ikiwa kubwa, kinabanwa. Nchini Marekani, kuanzia 1980, namba iliyotumika ilikuwa gramu 6.5 kwa siku. Ilipatikana kwa kuchanganya wanaokula samaki na wasiokula kabisa, ikahesabu samaki wa mito, maziwa na milango ya mito tu, bila wa baharini, kisha ikagawanywa kwa watu wote. Gramu 6.5 kwa siku ni kama gramu 200 kwa mwezi. Kipande kimoja, mara moja kwa mwezi. Mtu wa Mwanza au wa Lamu asingeita huko kula samaki; angeita kuonja.

Kando ya mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani, wanaishi mataifa ya asili ya Yakama, Nez Perce, Umatilla na Warm Springs. Mwaka 1855 walitia saini mikataba iliyowanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi yao, lakini wakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Walijua wanabakiza nini. Miaka ya 1991 na 1992 tume yao ya uvuvi ilifanya jambo ambalo serikali haikuwa imelifanya: iliwauliza watu wao wenyewe wanakula samaki kiasi gani. Wastani wa mtu mzima ulikuwa gramu 58.7 kwa siku, mara tisa ya ile namba ya serikali, na wapo waliokula zaidi sana ya hapo. Maana yake ni kwamba kikomo kilichotangazwa kuwa kinamlinda kila mtu kilikuwa kinamlinda mtu wa kufikirika wa mjini, na kuwaacha nje wale ambao haki yao ya kuvua imeandikwa kwenye mkataba.

Ilichukua karibu miaka 20 kubadilisha namba. Mwaka 2011 jimbo la Oregon lilipandisha kiwango chake hadi gramu 175 kwa siku. Jimbo la Washington, lililo ng'ambo ya mto huo huo, likabaki na 6.5. Samaki aliyekatiza katikati ya Columbia alikuwa anahama kutoka sheria moja kwenda nyingine zilizotofautiana mara 27. Wenye viwanda na baadhi ya halmashauri walisema gharama ya kusafisha majitaka ingekuwa kubwa mno, na gharama hiyo ipo kweli. Ila ile gharama ya kutosafisha nayo ilikuwa inalipwa, isipokuwa haikuwa na stakabadhi. Mwaka 2016 wakala wa mazingira wa serikali kuu uliweka viwango vikali kwa Washington, serikali iliyofuata ikaviondoa, na mwaka 2022 vikarudishwa.

Hata 175 ina mtego ndani yake. Watu hawa zamani walikula samaki zaidi sana, kabla ya mabwawa ya umeme kukata njia za samoni na kabla ya maporomoko ya Celilo, soko lao na mahali pao pa kuvulia kwa karne nyingi, kuzamishwa na bwawa mwaka 1957. Samaki wakipungua, au watu wakiogopa sumu, wanakula kidogo. Ukiwapima wakati huo unapata namba ndogo. Namba ndogo inaruhusu uchafu zaidi, uchafu unazidisha hofu, na safari ijayo ukipima unapata ndogo zaidi. Uchunguzi wa ulaji unaonekana kama kipimo tu, kumbe unaweza kugeuka kuwa kibali cha kuendelea kuchafua.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa pwani atalielewa mara moja. Mahesabu ya Magharibi hudhani samaki ni mnofu uliochunwa ngozi. Kwa watu wa Columbia, kichwa huliwa, mayai huliwa, ngozi huliwa. Kwetu pia mchuzi wa kichwa cha changu hauachiwi mtoto. Kwa zebaki tofauti si kubwa, maana iko mnofuni. Lakini kemikali za PCB, zilizotumika kwenye transfoma na mafuta ya mitambo, pamoja na dawa za kuua wadudu kama DDT, hukaa kwenye mafuta: chini ya ngozi, tumboni, kichwani, kwenye mayai. Ukitoa ngozi na mafuta ya tumbo, ukambanika samaki huku mafuta yakidondoka motoni badala ya kumpika mchuzi unaonywewa wote, unapunguza kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ushauri unaofaa kwa sumu moja haufai kwa nyingine, na ushauri usiojua jikoni kwa mtu mnapikwaje haumsaidii.

Mji mdogo wa Triana, Alabama, wa Wamarekani weusi, uliyajua haya baadaye mno. Kiwanda cha DDT kilichokuwa ndani ya eneo la jeshi kilimwaga mabaki kwenye vijito vya huko kuanzia 1947 hadi 1970. Watu wa Triana walivua humo kitoweo chao cha kila siku. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa miaka tisa wakati wenyeji walipopimwa, mwaka 1979, na kukutwa na viwango vya juu sana vya DDT mwilini. Meya wao, Clyde Foster, aliwasimamia mpaka shauri likamalizika mwaka 1983 kwa dola milioni 24. Kilichoniuma katika habari hiyo ni ile miaka ya katikati, ambapo samaki waliendelea kuliwa na hakuna aliyebisha hodi kuwaambia.

Je, si rahisi kuwaambia watu waache samaki? Wamohawk wa Akwesasne, kwenye mto St. Lawrence unaopakana na Kanada na Marekani, waliambiwa hivyo. Kiwanda cha magari cha jirani kilikuwa kimetiririsha PCB. Mkunga wao, Katsi Cook, aliposikia hofu za mama waliokuwa wakimuuliza kama wanyonyeshe, alianzisha miaka ya 1980 mradi wa kupima maziwa ya mama, na akasisitiza kwamba wanawake wenyewe wawe watafiti wenza, wasiwe watu wa kupimwa tu. Tahadhari zilifanya kazi: mama walipunguza samaki na PCB kwenye maziwa ikashuka. Lakini sahani haibaki tupu. Mahali pa samaki palichukuliwa na vyakula vya dukani vyenye wanga na sukari, na kisukari ni tatizo kubwa katika jamii ile, ingawa PCB zenyewe nazo zimehusishwa nacho. Zaidi ya hapo, mtoto asiyeenda mtoni na babu yake hajifunzi majina ya samaki, wala lugha inayobeba majina hayo. Hicho hakimo kwenye kanuni yoyote ya gramu.

Na samaki ni chakula bora, hilo lisisahaulike. Huko Shelisheli, majirani zetu wa Bahari ya Hindi, watafiti wamefuatilia kwa miongo watoto wa mama waliokula samaki karibu mara 12 kwa wiki, na hawakuona madhara ya wazi ya zebaki. Katika visiwa vya Faroe, ambako watu hula pia nyama ya nyangumi yenye zebaki nyingi pamoja na PCB, watoto waliozaliwa 1986 na 1987 walionyesha upungufu katika kumbukumbu na umakini. Tofauti iko kwenye aina ya kilicholiwa na kilichochanganyika nacho. Dagaa na samaki wadogo huwa na zebaki kidogo. Papa na nduaro, wanaoishi miaka mingi wakila wengine, huwa nayo zaidi.

Kuna kipande kimoja cha habari hii kinachofika nyumbani. Miaka ya 1990 Harada aliongoza utafiti kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kwa sababu wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Alipima nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao. Wengi walikuwa na viwango vya kawaida. Wachache waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi hawakuonekana kuipata kwa samaki; baadhi yao, hasa wa familia za wavuvi, waliipata kwa sabuni za kujichubua. Ni habari njema kwa sato na sangara wa wakati ule, lakini haifuti haja ya kupima tena, maana zebaki bado inatumika machimboni na tope halisahau. Mto Wabigoon ni shahidi: zaidi ya miaka 50 baada ya umwagaji kukoma, samaki wake bado wana zebaki. Mwaka 2017 Ontario iliahidi dola za Kanada milioni 85 za kuusafisha. Mwaka 2024 watafiti wakaeleza kwamba majitaka ya kiwanda cha Dryden, yenye salfeti na mabaki ya mimea, yanawalisha wale bakteria wa topeni na kuzidisha zebaki ya methili, hata kama zebaki mpya haiingii.

Kwa ndugu waliohamia Amerika Kaskazini nina neno mahususi. Katika jiji la Buffalo, New York, idara ya afya ya jimbo iliwapima wakimbizi kutoka Burma waliokuwa wakivua katika Ziwa Erie na mto Niagara, kwa sababu ilijulikana wanakula samaki wa huko kwa wingi. Katika jiji hilo hilo wapo Wakongo na Warundi wengi, na mtu aliyekulia Uvira au Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, akiona maji na ndoano haulizi mara mbili. Uliza. Majimbo ya huko hutoa kila mwaka mwongozo wa bure unaotaja ziwa kwa ziwa na samaki kwa samaki, na mara nyingi wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto hupewa kiwango chao, kidogo kuliko cha wanaume na wazee. Ukipewa mwongozo huo kliniki, usikubali kuulizwa tu kama unakula samaki. Mweleze muuguzi unakula mara ngapi kwa wiki, wa kutoka maji gani, na kwamba kichwa na mchuzi navyo huliwa.